Chui wa Mahale: namna ya kumtambua na kuyasoma makazi yake, hatua kwa hatua

Mtu akikuahidi kwamba ukifika Mahale lazima atakuonyesha chui, ujue anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Chui wapo, tena wapo tangu ufukweni hadi juu kabisa kwenye nyasi za mlimani. Lakini wageni wengi huwatazama sokwe hadi wakaridhika, wakapanda boti kurudi Kigoma bila kuona hata ncha ya mkia wake. Kumwona chui ni bahati. Kumjua ni kazi, na kazi inafundishika.

Mwongozo huu ni wa hiyo kazi: utajuaje kwamba amepita, amepita lini, alikuwa na shughuli gani, na kwa nini alichagua bonde hili akaliacha lile. Nimeuandika kwa ajili ya kijana anayejifunza kuongoza wageni na kwa mkazi wa vijiji vya pembezoni ambaye mbuzi wake ameliwa na anataka kujua nani kamla. Mgeni wa kutembea tu naye karibu. Mifano mingi ni ya Mahale, ila mtu wa Masito, Ntakata au hata kule Tabora kwenye miombo ya Ugalla anaweza kuutumia bila kubadilisha kitu kikubwa, maana chui ni yuleyule.

Hatua ya kwanza: usome mlima kabla ya mnyama

Wengi wanaanza na madoa. Mimi nasema anza na ramani, hata kama ni ya kuchora kwa mkono.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale iko takriban kilomita 130 kusini mwa mji wa Kigoma, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Ilitangazwa mwaka 1985 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,613. Uso wa ziwa uko kwenye mita zaidi kidogo ya 770 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Yaani ndani ya mwendo wa siku moja ya kupanda kwa shida unavuka tofauti ya karibu mita 1,700. Humo ndani hakuna barabara ya gari, ni miguu tu, na kwa msoma nyayo hiyo ni neema.

Upande wa magharibi, unaotazama ziwa, unapata mvua nyingi. Hapo chini, maeneo ya Kasoje, kuna msitu mnene wa bondeni wenye mizabibu ya porini, miti mirefu na vijito ambavyo havikauki hata Septemba. Ukipanda mabega ya mlima unakuta miombo imeshika migongo na msitu umebaki mabondeni. Juu zaidi kuna msitu wa mlimani wenye ukungu, kuna mianzi, na kileleni ni nyasi na mawe. Ukivuka mgongo ukashuka mashariki, nchi inakauka: miombo mitupu, inayofanana zaidi na Tabora kuliko na ufukwe ulioacha asubuhi.

Sasa jiulize chui anataka nini. Anataka vitu vitatu: nyama, maficho, na njia ya kupita bila kuonekana. Maji anayahitaji pia, ingawa anaweza kukaa bila kuyanywa muda mrefu kwa kutegemea unyevu wa windo lake. Msitu wa Kasoje unampa vyote: mbega wekundu juu, nguruwe mwitu na pongo chini, na wale swala wadogo wa msituni jamii ya funo wanaochomoka miguuni mwako usijue wametokea wapi. Upande wa mashariki kuna wanyama wakubwa zaidi, palahala, korongo, pundamilia, lakini maficho ni machache na simba nao hupita. Chui anaishi huko pia, ila hutawanyika zaidi, kila mmoja na eneo pana.

Kitu kimoja ambacho wageni hawakitegemei ni yale mahame ya zamani. Kabla ya hifadhi kutangazwa, Watongwe walikuwa wakiishi humo ndani, na hadi leo ukitembea unakuta miembe, milimao na michikichi iliyosimama peke yake katikati ya kichaka kilichofunga. Kichaka hicho ndicho nguruwe mwitu anapenda. Na panapo nguruwe, chui hakosi kupitia. Kwa hiyo kwenye ramani yako weka alama tatu tangu mwanzo: vivuko vya mito, migongo yenye njia ya wanyama, na mahame.

Usidhani kwamba urefu wa mlima unamzuia. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, Kilimanjaro, juu kabisa ambako hakuna cha kuwinda. Nkungwe kwake ni kilima.

Hatua ya pili: jifunze umbo lake

Ukimwona, utamwona kwa sekunde chache na pengine nusu yake tu. Kwa hiyo jifunze vipande.

Mwili ni mrefu, miguu mifupi kwa mwili huo, kifua na mabega vimejaa. Mabegani anafika sentimita 60 hadi 70 hivi. Dume mzima wa ukanda wetu mara nyingi ana kilo 50 hadi 70, na wachache huzidi. Jike ni mwembamba wazi, kilo 30 na kitu hadi 45. Mkia ni mrefu, unapita nusu ya urefu wa mwili, na chini ya ncha yake ni mweupe. Huo weupe ndio watoto wanaoufuata gizani mama akitembea mbele. Mara nyingi ndio kitu cha mwisho utakachokiona kikiingia majanini.

Madoa hayako namna moja mwili mzima. Kichwani, shingoni na miguuni ni doa moja moja, jeusi na lililojaa. Mgongoni na ubavuni yanajikusanya mviringo, na katikati ya kila mviringo rangi ni ya dhahabu iliyokolea kuliko ngozi ya nje. Tumboni ngozi ni nyeupe yenye madoa makubwa ya kutawanyika. Hakuna chui wawili wenye mpangilio mmoja, na hata chui mmoja ubavu wake wa kulia haufanani na wa kushoto. Hilo lishike, tutalihitaji kwenye kamera.

Rangi ya ngozi hufuata makazi. Chui wa msitu wenye unyevu kwa kawaida amekolea kuliko wa nchi kavu. Chui mweusi ni huyuhuyu, rangi tu imezidi, na mwanga ukimpiga kwa ubavu madoa yake yanaonekana chini ya ule weusi. Afrika Mashariki wanaosifika ni wa Kenya, Aberdare na Laikipia. Ukiambiwa kaonekana mweusi Kigoma, omba picha kwanza.

Hatua ya tatu: usimchanganye na wengine

Hapa ndipo simu zinapotudanganya. Mara kwa mara inazunguka picha ya chui wa kijivu mwenye manyoya mazito amekaa juu ya jabali, na maandishi chini yake "chui wa milimani". Huyo ni chui wa theluji. Anaishi Asia, kwenye milima mirefu ya nchi kama Nepal, Mongolia na China, wala hajawahi kuwa mnyama wa Afrika. Macho yake ni ya kijivu au kijani hafifu, mkia wake mnene unakaribia urefu wa mwili, naye hana ngurumo. Ukiona manyoya mazito namna hiyo, sahau Mahale.

Duma ana doa moja moja mwili mzima, miguu mirefu, na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Si mnyama wa msitu.

Anayewasumbua watu zaidi ni mondo. Ana madoa, ana rangi ya dhahabu, na mtoto wake akiokotwa shambani kijiji kizima kinasema mtoto wa chui. Mtazame masikio: makubwa, yamesimama, yako karibu karibu juu ya kichwa. Miguu mirefu, mkia mfupi wenye pete. Chui masikio yake ni madogo, ya mviringo, yamekaa pembeni, na nyuma yake ni meusi yenye baka jeupe. Kanu na fungo nao wana madoa lakini ni wadogo. Kanu mkia wake una pete mwanzo hadi mwisho, fungo usoni amevaa kinyago cheusi na hutembea kichwa chini akinusa. Simbamangu hana madoa kabisa, ana nywele ndefu ncha za masikio.

Awe mondo au chui, mtoto akiokotwa mrudishe palepale alipokuwa na uondoke upesi. Mama hayuko mbali.

Hatua ya nne: soma unyayo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndiyo itakayokulipa. Nakushauri usiisome nyumbani tu. Nenda na mtu anayejua, ukosee mbele yake.

Kwanza wakati. Toka alfajiri au jioni, jua likiwa chini. Mwanga wa pembeni unatia kivuli ndani ya kila shimo na unyayo unajichora wenyewe. Saa sita mchana unaweza kuupita ukiwa umeukanyaga. Simama upande ambao unyayo uko kati yako na jua. Ufukweni wahi zaidi, maana upepo wa ziwa ukianza mawimbi hufuta kila kitu, na wavuvi nao wakishapita kinachobaki ni nyayo za watu.

Mzee mmoja wa Kitongwe niliyefuatana naye kwenye kijito alinizuia kwa mkono kabla sijaona chochote. "Mwanangu, usisimame juu yake," akasema, kisha akachuchumaa na kutoa kiberiti mfukoni, akakiweka pembeni ya alama kwenye mchanga wenye unyevu. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa karibu sentimita 5, na kwa kukitazama tu ukapata kipimo. Alama ilikuwa pana kuliko kiberiti kwa zaidi ya upana wa kidole. Hakusema chui. Alihesabu kwanza: vidole vinne, hakuna kucha, kisha akapitisha kijiti taratibu nyuma ya ile nyama nene ya katikati ya wayo, akanionyesha mabonde mawili yanayoigawa sehemu ya nyuma vipande vitatu. Ndipo akasema jina.

Utaratibu wake ndio huohuo ninaokupa. Anza na kucha. Jamii ya paka hutembea kucha zikiwa ndani, kwa hiyo hazionekani isipokuwa mnyama amekimbia au ameteleza kwenye tope. Mbwa, mbweha na fisi huacha alama za kucha. Duma naye huacha, lakini huyo tumekwisha kumtoa msituni. Halafu tazama nyuma ya wayo: vipande vitatu ni paka. Kisha tazama ulinganifu. Unyayo wa mbwa unaweza kuukata katikati ukapata nusu mbili zinazofanana, na kati ya vidole na wayo unaweza kuchora mkasi (alama ya X) bila kugusa alama. Wa paka haukubali; kidole kimoja kimetangulia kuliko vingine, na kwa kidole hicho unajua kama ni mguu wa kulia au wa kushoto.

Mwisho kabisa ndipo ukubwa. Chui ana upana wa sentimita 7 hadi 9 hivi, jike akiwa chini na dume juu. Mondo na simbamangu huzunguka sentimita 5. Simba mzima huanzia kwenye 11 na kuendelea. Ugumu uko pale katikati, simba mtoto dhidi ya chui dume, na hapo jibu huwa kwenye kundi: simba mtoto hatembei peke yake, chui karibu daima yuko peke yake, isipokuwa mama na watoto.

Watu wengi wanaanza na ukubwa, na ndiyo maana wanakosea. Tope laini hupanua unyayo. Mchanga mkavu huutawanya. Mteremko huuvuta. Pima nyayo kadhaa za mnyama mmoja, uchukue zile zilizo safi mahali pa tambarare. Kumbuka pia kwamba mguu wa mbele ni mpana kuliko wa nyuma, na chui akitembea taratibu mguu wa nyuma huangukia juu au karibu ya alama ya mbele. Anayeona alama moja ndefu ajabu huenda anatazama miguu miwili.

Umri wa unyayo ni somo la peke yake. Unyayo mpya una kingo kali na ndani yake ni laini, hauna uchafu. Baadaye kingo zinabomoka chembe chembe, jani linadondokea ndani, wadudu wanakatiza juu yake. Kama matone ya umande yametoboa ndani ya unyayo, basi ulipigwa kabla ya umande kudondoka. Kama nyasi zilizolala karibu bado zinainuka, punguza sauti. Mvua husaidia pia. Ukijua ilinyesha saa ngapi, kila unyayo uko ama kabla yake ama baada yake.

Mwenda pole hajikwai. Ukipata unyayo mmoja usikimbilie wa pili. Kaa, tazama uelekeo, kisha jiulize wewe ungepita wapi kama usingetaka kuonekana. Mara nyingi unyayo unaofuata uko huko.

Hatua ya tano: kinyesi, mikwaruzo na mzoga

Kinyesi cha chui ni kinene kiasi cha sentimita 2 hadi 3, kimegawanyika vipande, ncha moja imechongoka, na kimejaa nywele. Anapenda kukiacha wazi, njiani au juu ya jiwe, kwa sababu ni tangazo kwa chui wengine. Kikizeeka hugeuka cheupe kwa ajili ya mifupa aliyokula, ingawa cha fisi huwa cheupe zaidi. Ukikuta lundo lenye mbegu za matunda na magamba ya jongoo, hapo ni chooni kwa fungo. Usishike kwa mkono mtupu, kina minyoo inayohamia kwa binadamu. Tumia kijiti.

Kinyesi hiki kimeandika historia Mahale. Utafiti wa sokwe pale ulianzishwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1965, na kwa miaka mingi lilibaki swali: je, chui wa huku anakula sokwe? Mwaka 2013 watafiti walichapisha taarifa ya kinyesi cha chui kilichookotwa humo kikiwa na mabaki ya sokwe, ushahidi wa kwanza wa aina hiyo Afrika Mashariki. Ukitaka kujua anakula nini, usimvizie akila. Chambua alichoacha.

Alama nyingine ni mkwaruzo wa ardhini: anasugua kwa miguu ya nyuma, inabaki mifereji miwili sambamba na kifusi kidogo nyuma yake, mara nyingi na mkojo juu. Kwenye miti tafuta shina lililoinama, lenye gome lililochanwa kwa urefu. Miti aliyozoea kupanda ina mikwaruzo ya zamani na mipya kwa pamoja.

Mzoga juu ya mti unajieleza. Lakini usitegemee kuuona kila mahali. Chui anapandisha nyama kwa kuogopa kunyang'anywa na simba na fisi. Pasipo na hao wengi, huiburuta tu kichakani na kuifunika majani. Tafuta basi alama ya kuburuta, na manyoya yaliyonyofolewa yakiwa yametapakaa, kwani ana tabia ya kunyonyoa windo kabla ya kula. Ukiona hivyo ondoka kwa njia uliyojia. Mwenye nyama yake yuko karibu na anakutazama.

Hatua ya sita: tumia masikio

Sauti ya chui si ngurumo ndefu ya simba. Ni mkwaruzo wa kwenda na kurudi, kama wapasua mbao wawili wakivuta msumeno, kisha kimya. Utaisikia zaidi jioni na kabla ya mapambazuko.

Lakini wanaokuambia habari zake mara nyingi ni majirani zake. Pongo hubweka, bweko moja zito, akirudia. Kanga hukatakata kelele bila kupumzika. Nyani na kima huelekeza macho yao mahali pamoja chini, na ukiona wote wanatazama kichaka kimoja, nawe tazama hicho. Mbega wakikimbia ovyo juu juu, chunguza kwanza kama ni sokwe wanaowawinda, maana Mahale sokwe nao ni wawindaji wa mbega.

Sokwe wakimgundua chui hawakimbii kila mara. Hupiga ukelele mkali wa kurefusha, wakakumbatiana, kisha wakamsogelea kwa wingi wao. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1986 inaeleza jinsi sokwe wa Mahale walivyolizingira pango la chui mwenye mtoto, wakamtoa mtoto na kumuua. Na mwaka 2019 watafiti walieleza sokwe walivyomnyang'anya chui swala mdogo aliyekuwa amemuua punde, mwenyewe akiwa bado hapo jirani. Mimi naona hili linaeleza mengi kuhusu kwa nini chui wa msitu huu anapenda usiku: mchana kuna kundi lenye mikono, akili na kelele.

Hatua ya saba: kamera, kama una kibali

Ndani ya hifadhi huwezi kufunga kamera ya kujipiga yenyewe kwa kujiamulia. Utafiti wa wanyamapori nchini unahitaji vibali vya COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), pamoja na idhini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) kwa kuwa ni hifadhi yao. Kwenye msitu wa kijiji anza na serikali ya kijiji.

Ukishapata ruhusa, funga kamera mbili zinazotazamana pande mbili za njia, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, ili upate mbavu zote mbili za mnyama. Ukipiga ubavu mmoja tu, chui mmoja anaweza kuhesabiwa wawili. Zisogeze kidogo zisitazamane uso kwa uso, mwanga wa moja usiharibu picha ya nyingine. Usielekeze kamera mawio wala machweo. Kata nyasi zote mbele yake, kwani upepo ukitikisa jani moja utarudi kukuta kadi imejaa picha za jani.

Hatua ya nane: ukikutana naye uso kwa uso

Usikimbie. Usiiname, usimpe mgongo. Simama wima, mbebe mtoto kama uko naye, zungumza kwa sauti nzito, rudi nyuma polepole ukimwachia njia. Mwangalie yuko wapi bila kumkazia macho. Chui mzima, mwenye njia ya kuondoka, ataondoka. Hatari ni mama mwenye watoto, aliyejeruhiwa, au aliye kwenye nyama yake. Akirukia kweli, pigana kwa chochote ulicho nacho na ulinde shingo.

Jeraha la meno au kucha, hata dogo, lioshe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Dawa ya kienyeji isubiri.

Hatua ya tisa: akija kijijini

Kwenye vijiji vya pembezoni kesi ni mbuzi, na mbwa. Chui hupanda ukuta na kuruka uzio akiwa na nyama mdomoni, kwa hiyo zizi la miiba lisilo na paa ni nusu ya zizi. Paa ndilo linalookoa mbuzi: fito zilizobana, mlango usio na upenyo wa kichwa, na mifugo iingie kabla ya giza. Vichaka vilivyogusana na zizi vifyekwe.

Usitege sumu. Sumu kwenye mzoga haichagui. Itaua fisi, tai na mbwa wa jirani, na chui huenda asirudi hata kuugusa. Kumuua na kuuza ngozi ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa na ngozi tu bila kibali kunatosha kukufikisha mahakamani. Tangu 2016 chui yumo kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo usitegemee huruma.

Njia sahihi ni taarifa, na itolewe mapema: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori wa wilaya. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini bila ushahidi hakuna cha kuandika kwenye fomu. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, piga picha. Weka kiberiti au kalamu pembeni ya unyayo. Piga picha ya koo la mbuzi: chui huua kwa kung'ata koo au shingo mara moja na kuacha matundu machache yaliyo wazi, mbwa huraruaraua mapaja na matumbo ya mbuzi kadhaa kwa usiku mmoja, na fisi huvunja mifupa asibakize cha maana. Pasua ngozi kidogo pale shingoni uone damu iliyovilia chini yake. Ikiwepo, aliumwa angali hai, isipokuwepo, huenda alikufa kwa jambo lingine na aliyemla alimkuta tu.

Halafu funika mzoga kwa turubai, uweke mawe pembeni, na ufunge mbwa wote wa nyumbani hadi afisa afike. Wakishautafuna wao, hakuna atakayeweza kusema tena ni nani alitangulia.